Bi mkubwa anasahau: je, kufunga siku tatu kutamsafisha ubongo?

SWALI

Salaam, Daktari. Naomba ushauri kuhusu mama yangu. Ana miaka 69 na kisukari kwa miaka 12 sasa. Anatumia metformini na glibenklamidi, na mwaka jana aliongezewa amitriptilini usiku kwa sababu miguu ilikuwa inamwaka moto. Tangu miezi minane hivi iliyopita kumbukumbu yake imeyumba. Anaacha mboga jikoni hadi inaungua, anauliza jambo lile lile mara tatu, na juzi alirudi sokoni mikono mitupu kwa kuwa alisahau alichofuata. Kuna siku, hasa kwenye saa tano au saa sita mchana, anaongea maneno yasiyoshikana na kutoka jasho jembamba. Akishakunywa chai anachangamka, utadhani si yeye.

Kwenye kundi letu la familia ilitumwa video inayosema kwamba Mjapani mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kuwa mtu akikaa na maji matupu saa 72, seli za ubongo zinakula takataka zake na kumbukumbu inarudi. Kaka yetu mkubwa ameshaamua mama afunge hizo siku tatu, na wiki mbili hizi anamrukisha chai ya asubuhi ili azoee. Mama naye anasema, "Nimefunga Ramadhani tangu usichana wangu, siku tatu zitanishinda nini?" Waliotuma video wanauza pia unga wa spemidini, kopo la mwezi mmoja shilingi 180,000.

Je, ni kweli ubongo unajisafisha? Mimi nina miaka 41, nifanye nini yasinikute? Na kaka anataka hata mwanangu wa miaka saba aache kifungua kinywa ili ubongo wake ukue safi. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Binti wa bi mkubwa, Tanga

JIBU

Dada, pole kwa mzigo huo, na umefanya vizuri kuandika kabla siku hizo tatu hazijaanza. Nitangulize la dharura: kesho asubuhi bi mkubwa ale kifungua kinywa chake pamoja na dawa, na mfungo wa saa 72 usiwepo. Hali unayoieleza ya saa tano mchana, yaani jasho, maneno yasiyoshikana, kisha nafuu baada ya chai, inafanana sana na sukari iliyoshuka. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna kitu, na nguvu yake hudumu karibu siku nzima. Kwa mtu wa umri wake, ambaye huenda figo zimeanza kuchoka, dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Akimeza kidonge na kuruka chai, sukari inaporomoka. Akikaa na maji matupu siku tatu huku anameza vidonge, anaweza kupoteza fahamu na asizinduke.

Ikitokea tena, mpimeni sukari hapo hapo kwa mashine ya kidoleni. Ikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita (kwa mashine zinazosoma miligramu, chini ya 70), korogeni sukari vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote, msubiri dakika 15, mpime tena. Kama bado iko chini, rudieni. Ikishapanda, ale chakula cha kushiba, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu glibenklamidi inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa. Kama hamna mashine, mpeni sukari bila kungoja kipimo. Kama amepoteza fahamu, msimnyweshe chochote maana kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu na mkimbilie hospitali.

Sasa tuje kwenye hiyo video. Ndani yake kuna ukweli mmoja, ila umetumika vibaya.

Seli za ubongo kweli huchakata vilivyochakaa ndani yake na kuvitumia upya. Kazi hiyo huitwa otofaji, jina alilolitoa Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kujila. Huanza kwa utando mdogo kama kisahani, unaokua na kujikunja kuzunguka fungu la protini zilizoharibika au mitokondria mbovu (vinu vya nishati vya seli), hadi unajifunga na kuwa mfuko wenye kuta mbili. Mfuko huo unaungana na lisosomu, chumba chenye asidi kali na vimeng'enya zaidi ya 50 vya kukatakata. Protini inavunjwa hadi kuwa amino asidi, na seli inazichukua kujengea protini mpya, kama chuma chakavu kinavyoyeyushwa kikawa nondo. Ziko njia nyingine pia: protini moja moja zenye maisha mafupi hupitia mtambo mdogo uitwao proteasomu. Ila fungu kubwa, au mitokondria nzima, haliingii humo. Hilo ni la mfuko na lisosomu peke yake.

Kinachofanya jambo hili liwe zito kwenye ubongo ni kwamba niuroni, yaani seli ya ubongo na neva, haigawanyiki. Seli ya ngozi ikijigawa, uchafu wake nao unagawanywa. Niuroni nyingi za bi mkubwa zina umri ule ule alio nao yeye, miaka 69, na kila kilichoshindwa kuchakatwa kimebaki humo humo. Pia ni seli ndefu. Iliyo na kiini chake karibu na uti wa mgongo wa kiunoni inaweza kuwa na mkia unaofika kwenye kidole cha mguu, karibu mita moja. Mifuko mingi huundwa huko mwishoni mwa mkia, lakini lisosomu zilizokomaa zimejaa kwenye mwili wa seli, upande wa pili. Basi mfuko hubebwa na protini iitwayo daineini, hatua kwa hatua juu ya reli za ndani ya mkia, kwa mwendo wa karibu nusu maikromita kwa sekunde (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), huku ukiendelea kukomaa njiani. Ukipiga hesabu bila kituo hata kimoja, mita moja kwa mwendo huo ni siku 23. Na daineini hutumia nishati kwa kila hatua. Pampu zinazotia asidi kwenye lisosomu nazo hutumia nishati. Hebu fikiria hapo: usafi wenyewe unahitaji kuni, na kuni za ubongo ni glukosi. Sukari ya mama inaposhuka saa tano mchana, mafundi wa usafi nao wanakosa nguvu.

Kazi hii pia haingoji njaa. Protini za ubongo wa panya wa maabara hukaa kwa wastani siku 9 hivi kabla ya kubadilishwa, na za ini siku 3. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti wa Japani yaliondoa jeni za otofaji kwenye niuroni za panya, kundi moja Atg5, jingine Atg7. Panya hao walilishwa kama kawaida na hawakuwa na ugonjwa mwingine wowote, lakini niuroni zao zilijaa mabonge ya protini, mwendo ukaharibika, na seli zikafa. Maana yake ni kwamba hata mtu aliyeshiba ubongo wake unajichakata kila saa, na usipofanya hivyo unaumwa.

Mjapani wa kwenye video ni Yoshinori Ohsumi. Nobel alipewa kweli, mwaka 2016. Lakini alichofanyia kazi ni hamira, ile ile jamii ya kuumulia maandazi, na alichogundua ni jeni zinazoendesha otofaji. Hakumtibu mtu yeyote kumbukumbu. Na jaribio lake lenyewe, ukilitazama kwa karibu, linampinga aliyetengeneza video. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua seli za hamira ambazo vimeng'enya vya kukatakata kwenye chumba chao cha uchafu vilikuwa vimeharibiwa, akazinyima chakula, kisha akazitazama kwa hadubini. Ndani ya saa chache chumba kilijaa mifuko. Katika seli nzima asingeiona, kwa sababu ingeyeyushwa papo hapo. Aliiona kwa vile njaa ilikuwa inaita mifuko mipya huku mtambo wa kuiyeyusha umekufa. Hali ya ubongo wa uzeeni inakaribia hapo kuliko inavyokaribia ahadi ya ile video.

Tunajua nini kuhusu uzee? Mwaka 2019 maabara ya Erika Holzbaur huko Pennsylvania, Marekani, ilichapisha kazi juu ya niuroni za panya wa umri mbalimbali, kuanzia wachanga wa mwezi mmoja hadi vikongwe wa miezi 24. Kadiri panya alivyozeeka, ndivyo mifuko mipya ilivyopungua, na mingi iliyoanza iliishia katikati, utando umekunjamana bila kujifunga. Watafiti walipoongeza protini moja, WIPI2B, ujenzi ukarudi karibu na wa ujanani. Tatizo lilikuwa fundi, na njaa haimleti fundi. Upande wa lisosomu nao huchoka: mabaki ya kahawia yasiyoyeyuka, lipofusini, huzidi kujaa ndani yake mwaka hadi mwaka. Katika Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mikia ya niuroni huonekana imevimba kwa mifuko isiyoyeyushwa. Katika Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, moja ya jeni zenye uzito ni GBA1, inayotengeneza kimeng'enya cha lisosomu. Mwaka 2023 utafiti uliowahusisha Wanigeria wengi ulionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika wana badiliko lao la jeni hiyo linaloongeza hatari, ambalo Wazungu karibu hawana kabisa. Mahali ambapo tanuru limezimika, kuongeza mifuko mlangoni ni kuongeza msongamano.

Je, njaa huamsha otofaji kwenye ubongo? Kwenye ini na misuli ya panya, ndiyo, bila shaka. Kwenye ubongo majibu yanagongana: kazi ya mwaka 2004 haikuona ongezeko, ya mwaka 2010 ililiona kwenye baadhi ya niuroni baada ya saa 24 hadi 48. Tena saa 48 kwa panya ni njaa ya kumkondesha vibaya, huwezi kuilinganisha na saa 48 za mtu. Kwa binadamu aliye hai hakuna kipimo cha hospitali, si cha damu wala cha picha, kinachoonyesha kasi ya otofaji ndani ya ubongo. Kwa hiyo anayekuambia saa 72 zimesafisha ubongo wa fulani hana alichopima.

Ule unga msinunue. Spemidini ni kemikali halisi, na katika wanyama huamsha otofaji. Ilijaribiwa Berlin kwa wazee 100 waliokuwa wakilalamikia kumbukumbu, miligramu 0.9 kwa siku kwa miezi 12. Matokeo yalitoka mwaka 2022: kumbukumbu ya waliopewa haikutofautiana na ya waliopewa kidonge kitupu. Imo pia kwenye soya, uyoga na kunde. Shilingi 180,000 zinunue mashine ya sukari na vibanzi vyake. Na mtu akiwaletea rapamaisini, kimbieni. Hiyo huzuia mTOR, swichi ya seli inayotuliza otofaji, na kweli huianzisha, lakini ni dawa ya waliopandikizwa viungo na hushusha kinga ya mwili.

Sasa bi mkubwa. Msikubali neno "uzee tu" kabla hajachunguzwa, maana katika maelezo yako naona mambo kadhaa yanayoweza kurekebishika. La kwanza ni hiyo sukari kushuka. Kwa siku saba mpimeni akiamka, saa tano mchana, kabla ya chakula cha jioni, na siku mbili kati ya hizo saa tisa usiku, muandike namba kwenye daftari pamoja na alichokula. La pili ni metformini: ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi au moto miguuni. Mguu unaowaka mara nyingi husingiziwa kisukari peke yake, basi ombeni B12 ipimwe. La tatu ni amitriptilini. Kwa mzee, dawa hiyo yenyewe huvuruga kumbukumbu, na ikichanganywa na vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, kama klorofeniramini, hali inakuwa mbaya zaidi. Mwulizeni daktari kama iko mbadala wake kwa maumivu ya miguu. Msiikatishe ghafla wenyewe.

Dawa zote zitieni kwenye mfuko mmoja, pamoja na za dukani na za miti shamba, muende nazo. Ombeni kipimo cha figo, tezi ya shingo, wingi wa damu, mkojo kwa maambukizi, VVU na kaswende, na apimwe usikivu wa masikio na macho. Aulizwe kama aliwahi kuanguka na kugonga kichwa, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu kwa wiki nyingi. Muulizeni daktari moja kwa moja: "Kwa umri huu na usahaulifu huu, glibenklamidi bado inamfaa?" Mzee mwenye shida ya kumbukumbu habanwi sukari kama kijana. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ikiwa chini ya asilimia 8 humtosha mara nyingi, na usalama wake dhidi ya kushuka ndio unatangulizwa. Siku ambayo amegoma kula, msimpe glibenklamidi kabla ya kupiga simu kituoni kwenu.

Kuhusu Ramadhani, msiichanganye na video hii. Swaumu ni ibada, ina daku na futari, na haifiki saa 72. Lakini hata hiyo, mgonjwa wa kisukari huonana na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ili dawa zipangwe upya, na hufungua papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6. Kwa hali aliyo nayo sasa, daktari anaweza kumwambia asifunge kabisa, na dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Mwambieni kwa upole, ikiwezekana mbele ya shekhe wake, asije akajiona ameshindwa.

Mtoto wa miaka saba ale asubuhi. Otofaji kwa mtoto ni ya kujenga: anazaliwa na kukua akiwa na miunganiko mingi ya niuroni kuliko inayohitajika, na majaribio ya panya yanaonyesha kwamba otofaji inashiriki kupogoa ile ya ziada. Kazi hiyo inaongozwa na ukuaji wenyewe, haihitaji tumbo tupu. Karibu na umri wa miaka mitano ubongo hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote ya mwili, na kwa miaka saba bado ni sehemu kubwa mno. Uji wa asubuhi ndio kuni hizo. Kinachoharibu otofaji utotoni ni hitilafu adimu za kuzaliwa nazo, kama ya jeni WDR45. Mtoto mwenye hitilafu hiyo huchelewa kuongea na hupata degedege, kisha ujanani huanza kukakamaa na kupoteza akili. Hizo nazo hakuna mfungo unaozizuia.

Na wewe wa miaka 41, umri wako ndio wenye faida kubwa. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili) duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, mengi yakiwa ya umri wa kati. Presha: namba ya juu isizidi 130. Kwa kuwa mama ana kisukari, pima sukari kila mwaka. Pima lehemu pia, na masikio ukianza kuomba watu warudie maneno. Tembea kwa haraka hadi pumzi ibadilike, dakika 30 siku tano za wiki. Mazoezi huamsha otofaji kwenye misuli na ubongo wa panya, lakini hata tukiliacha hilo, faida yake kwa mishipa ya damu ya binadamu imeshapimwa vya kutosha. Ukitaka kula chakula cha jioni mapema na kutogusa kitu hadi asubuhi, huna dawa za kisukari na huna mimba, sioni ubaya. Fanya hivyo kwa ajili ya uzito na sukari yako.

Kaka mkubwa usibishane naye kwenye kundi. Nenda kwake, kaa naye, mshukuru kwa kumhangaikia mama, kisha umwombe yeye ndiye awe anampima mama sukari saa tano kwa hizo siku saba na kuandika namba kwa mkono wake.